Mita za Mzee Sentimita

Mtaani kwetu kuna mzee tunayemwita Sentimita, na jina hilo hakupewa kwa ufupi. Ni mrefu, mwembamba, wa kuinamia milango. Jina alilipata kazini. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo, yule mtu wa serikali anayeingia sokoni bila hodi, anaweka jiwe lake la kilo juu ya mizani yako, anautazama mshale, kisha anakutazama wewe. Wauza nyama walimjua kwa mlio wa viatu. Wauza vitambaa walimjua zaidi, maana akikukuta umempunja mteja sentimita moja aliitaja kwa sauti mbele ya watu, kama anayemtangaza mtoto aliyepotea.

Alipostaafu, ukaguzi ulihamia nyumbani. Mke wake ni fundi cherehani na anashonea sebuleni, ghorofa ya tatu. Mimi nakaa ya pili, chini yao, kwa hiyo baadhi ya haya nimeyasikia kupitia dari. Mwezi wa kwanza mzee alipima meza ya kukatia vitambaa akagundua mguu mmoja ni mfupi. Mwezi wa pili alipima utepe wa mke wake, ule anaouning'iniza shingoni, akatangaza kwamba umevutika milimita nne. Mke akamjibu kuwa kwa utepe huohuo amewavalisha maharusi nusu ya mji, na hakuna hata mmoja aliyerudi kudai milimita. Mwezi wa tatu alihamia jikoni, akawa anapima maji ya chai. Hapo mke alivaa viatu, akashuka ngazi, akaenda pwani kwa mdogo wake wa kiume.

Huyo mdogo wake, ambaye Sentimita humwita shemeji na mtaa mzima ukaiga, ana banda la kukodisha mbao za kuteleza juu ya mawimbi. Mbele ya ufuo wetu kuna mwamba wa matumbawe, na wimbi linalotoka mbali likiufikia linainuka, linajikunja na kukimbilia kushoto, likimbeba mtu kwa muda wa kuhesabu mpaka ishirini. Maji ni ya uvuguvugu mwaka mzima, watu wanaingia na kaptura tu. Kwa ajili ya wimbi hilo wanakuja vijana wa mtaani, walimu wa kuteleza na wanafunzi wao, na wageni wa nyumba za kulala, na wote kila asubuhi wana swali moja: leo bahari ikoje?

Dada mtu hakuzunguka. Alimwambia mdogo wake, "Nichukulie huyu mtu, hata kwa saa mbili kwa siku."

Shemeji, ambaye simu yake ilikuwa inaanza kuulizwa habari za bahari kabla hajanawa uso, aliona hii ni bahati. Akapanda ngazi na heshima zote, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaeleza kwamba watu wa pwani wanamkosa mtu makini. Simu zinatabiri bahari nzima, alisema, lakini hazijui mwamba wetu. Kwa jicho kama la shemeji yake, mtu aliyewanyoosha wauza nyama, bahari nayo itanyooka. Sentimita hakucheka. Aliomba siku tatu za kuandaa utaratibu.

Na utaratibu aliuandaa. Alinunua darubini ya mtumba. Juu ya paa letu la saruji, penye matangi ya maji, alisimamisha ufito na kufunga utepe wa kitambaa chepesi wa kumwonyesha upepo. Nyakati za maji kujaa na kupwa alizipanga kwenye daftari la mistari. Kuhusu urefu wa wimbi, alipata kitu kilichomfurahisha kupita vyote: pembeni mwa mwamba kuna nguzo ya chuma ya kuongozea vyombo, imepakwa rangi pingili kwa pingili, nyekundu, nyeupe, nyekundu, nyeupe. Wimbi likipita kwenye nguzo, yeye anahesabu limefunika pingili ngapi. Alisema ni kama serikali ilimwekea rula baharini.

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi la simu, kisha akashuka kwenda bandani kuuandika wote kwa chaki kwenye ubao mweusi. Ninao mmoja wa mwaka ule wa kwanza, siufuti: "Habari za asubuhi. Hapa juu ya nyumba ni saa kumi na mbili kamili. Upepo unatoka bara, dhaifu, utepe umeinuka robo. Saa nne na nusu utageuka na kutoka baharini, mwenye akili awe ameshatoka. Maji yanakupwa mpaka saa tatu na dakika kumi, wanaoanza wavae viatu vya mpira, mwamba utakuwa karibu na miguu. Kusini kuna wingu, litaleta mvua ya kulowesha nguo tu. Wimbi, mita sifuri nukta saba tano. Asanteni."

Upepo hakuwahi kuukosea. Mvua vilevile, mpaka kina mama ambao hawajawahi kuukanyaga ubao walijiunga na kundi ili wajue saa ya kuanika. Shida ilikuwa moja tu, wimbi. Wiki ile ya kwanza vijana waliisikia sifuri nukta saba tano, wakaingia majini wakijua watakutana na kitu cha mapajani, wakapigwa kifuani. Kesho yake hivyohivyo. Wakadhani mzee anatania, lakini hakuna aliyewahi kumsikia akitania. Mwezi wa pili ulipokwisha walikuwa wameshamwelewa: chochote atakachokitaja, zidisha mara mbili.

Wa kumwambia ndiye aliyekosekana. Shemeji hakuweza, maana ndiye aliyelisifia lile jicho. Walimu wa kuteleza waliona haya. Vijana walijaribu mara moja, wakafika mpaka mlangoni, wakamkuta anachonga penseli kwa ajili ya kesho, wakaishia kumsalimia. Basi kwa miaka sita mji wetu ukawa na mita za aina mbili, za madukani na za mzee. Mtu akikuambia kuna mita moja, unamuuliza ni ya mzee au ya kawaida. Hata mimi nisiyejua kuogelea nilikuwa nazidisha, kwa adabu tu.

Mwaka huu, katika mwezi wa joto kali, alikuja mkunga mmoja kutoka hospitali kubwa ya mbali, akiwa na likizo ya wiki nne, ya kwanza ndefu tangu aanze kazi. Ni mwanamke wa makamo, mnene kiasi, mcheshi, na alitangaza siku ya kwanza kwamba hatarudi wodini kabla hajasimama juu ya ubao. Shemeji alimpa ubao mpana kuliko yote, ule ambao vijana wanauita mlango. Kwa wiki mbili alijifunza kwenye mapovu karibu na ufuo, akianguka na kucheka. Mwalimu wake akamwambia kwamba siku wimbi la mwambani litakapokuwa mita moja, lisizidi hapo, anaweza kulijaribu. Akasahau kumwambia mita ya nani.

Siku ya siku mwalimu alikuwa ameenda kutazama wagonjwa kwao. Ujumbe wa asubuhi ulisema mita moja. Mkunga akachukua mlango wake, akaenda.

Saa tatu alirudi bandani akichechemea. Goti na kiwiko vilikuwa vimechunwa na mwamba, na mkononi alikuwa na nusu ya ubao, ile ya nyuma. Sentimita alikuwa amesimama mbele ya ubao mweusi na chaki yake, anarekebisha habari za upepo. Watu kumi hivi walikuwepo, wengine wakipaka nta mbao zao.

"Mzee, wewe ndiye unayepima mawimbi?" mkunga aliuliza.

Alikubali kuwa ndiye, akampa pole, akamletea kiti. Kisha, kwa upole, akamuuliza kama asubuhi aliusikia ujumbe.

"Niliusikia vizuri. Uliniambia mita moja. Nimekutana na mita mbili."

Sentimita alimweleza kwamba ni jambo la kawaida. Mtu akiwa majini, hasa akiwa mgeni wa mambo, hofu hukuza vitu. Mkunga akamsikiliza mpaka mwisho, kama anavyowasikiliza kina baba wanaomweleza uchungu wa kuzaa ulivyo.

"Huenda ni hofu, baba. Ila hawa wote wameniambia ilinipasa kuzidisha mara mbili."

"Kuzidisha nini?"

Mmoja alianza kuvitazama vidole vyake vya miguu. Shemeji akachukua kitambaa na kuufuta ubao mmoja wa kuteleza uliokuwa mkavu tangu jana.

"Shemeji," alisema Sentimita, "kuzidisha nini?"

"Mita zako, shemeji. Huwa tunazizidisha kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Mara mbili."

Sentimita aliirudisha chaki kwenye kikasha chake. Alipangusa mikono. Alimwuliza mkunga kama kidonda kimeoshwa kwa maji safi, akaambiwa kimeoshwa, akaondoka bila kumuaga mtu mwingine.

Nyumbani, cherehani iliyokuwa inanguruma juu ya kichwa changu ikanyamaza ghafla. Sikutega sikio, lakini dari yetu ni nyembamba. Alimuuliza mke wake kama na yeye alijua. Mke akasema alijua tangu mwaka wa pili. Akamuuliza ni vipi mtu anaweza kulala kitanda kimoja na mwenzake, anajua jambo kama hilo, na kila asubuhi anampikia chai.

"Ulikuwa unaamka unaimba," mke alimwambia. "Miezi mitatu ulikuwa unazunguka humu ndani kama umepoteza funguo, halafu ukaanza kuimba. Mimi ningekuja na habari za pingili?"

"Leo kuna mtu ameumia."

Nilisikia droo inafunguliwa, kisha sauti ya mke tena, chini kidogo: "Basi chukua utepe wangu ukapime. Unaujua umezidi milimita nne."

Hakuweza kupima siku ile wala kesho yake, maana ilibidi asubiri bamvua, siku maji yanapotoka mbali mpaka mwamba ukabaki wazi. Kwa siku mbili hakukuwa na ujumbe wa asubuhi. Tulibaki kama watu waliovunjikiwa na saa ya ukutani. Mimi nilianika shuka nne na zote zikanyeshewa.

Siku ya tatu mchana alishuka ufuoni, suruali imekunjwa mpaka magotini. Katika miaka yake yote ya kuitabiria bahari hakuwa amewahi kulowesha hata kifundo cha mguu, kwa hiyo viatu vya mpira hakuwa navyo. Bandani namba yake ilipatikana kwa rangi moja tu, ya waridi. Akavivaa. Shemeji akamfuata nyuma, na wote wawili wakatembea juu ya mwamba, maji ya vuguvugu yakiwafika kwenye ugoko, mpaka kwenye nguzo.

Pingili ya kwanza ilikuwa mita moja. Ya pili, mita moja. Alizipima zote alizoweza kuzifikia, kisha akarudia, akizifidia zile milimita nne za utepe. Halafu akamweleza Shemeji, bila kumtazama, kwamba idarani kwao kila fimbo ya kupimia ilipakwa rangi kila nusu mita. Alipoiona nguzo kwenye darubini siku ile ya kwanza, hata wazo la kuuliza halikumjia. Maisha yake yote aliuliza kila kitu, hiki hakukiuliza.

Shemeji akajaribu kumpoza. Alimwambia kwamba kosa lenyewe lilikuwa zuri, limenyooka, mara mbili kamili kila siku kwa miaka sita, halikuwahi kuyumba. Sentimita akamjibu kuwa maneno hayohayo aliyasikia sokoni kwa kila mwenye mizani mbovu.

Kutoka hapo hakwenda nyumbani. Alikwenda sokoni na vile viatu vyake vya waridi, moja kwa moja kwa muuza nyama wa kona. Miaka mingi nyuma alimfungia kibanda siku tatu kwa sababu sahani ya mizani yake ilikuwa imepinda. Muuza nyama aliapa hakujua, na mkaguzi akamwambia kwamba mwenye mizani hana ruhusa ya kutojua. Sasa alitaka asikie habari hizi kutoka kwake mwenyewe kabla hazijamfikia kwa mdomo wa soko. Muuza nyama aliweka kisu chini, akapangusa mikono kwenye aproni, akamsikiliza bila kumkatiza.

"Mara mbili?" aliuliza mwishowe.

"Mara mbili."

"Mimi ilikuwa gramu arobaini."

Sentimita alikubali kuwa zilikuwa arobaini, anazikumbuka. Muuza nyama akafikiri kwa muda, huku wateja wakisubiri. Kisha akatamka kwamba kwa kuwa hili ni kosa la kwanza, na kwa kuwa mhusika amejileta mwenyewe, anamfungia siku mbili, na kwa vile amekuwa kimya tangu juzi, siku hizo zimeshakwisha, aendelee na kazi. Sentimita akamshukuru kama mtu aliyepokea barua yenye mhuri. Waliokuwepo wanasema muuza nyama alijizuia mpaka mzee alipopinda kona, ndipo akakaa kwenye gogo la kukatia nyama akacheka mpaka akaombwa maji.

Jioni ile ujumbe wa marekebisho ulitumwa. Ulikuwa wa dakika tisa. Ulianza na kuomba radhi, ukaingia kwenye historia ya idara, ukaeleza fimbo, rangi, na tofauti kati ya kukadiria na kupima. Habari yenyewe, kwamba kuanzia kesho mita itakuwa mita na mtu asizidishe, ilikuwa kwenye dakika ya nane. Nijuavyo mimi, aliyefika huko ni mkunga peke yake, aliyekuwa amelala na goti lake lenye bendeji hana kazi nyingine. Sisi wengine tulisikia "napenda kuwaomba radhi", tukaguswa, tukazima.

Alhamisi ya wiki ile mawimbi makubwa yalifika kutoka mbali. Ujumbe wa asubuhi ulisema upepo wa bara mpaka saa nne na nusu, anga safi, maji ya wastani, na wimbi mita mbili.

Mji mzima ukazidisha. Mita nne haijawahi kuonekana kwenye mwamba wetu. Walimu waliahirisha masomo. Nyumba moja ya wageni iliondoa viti vyote ufuoni na kuvifunga kwa kamba. Mama mmoja wa mtaa wa chini alimhamishia mama mkwe wake kwa dada yake mlimani, na mama mkwe akaenda huku akilalamika kwamba chai yake imeachwa mezani.

Huku nyuma bahari ilikuwa imetulia kama kitambaa kilichopigwa pasi, na mawimbi yanaingia moja baada ya jingine, safi, marefu, mita mbili kamili. Na kwenye mwamba alikuwepo mtu mmoja tu. Shemeji. Ana miaka hamsini na miwili na kitambi cha kutosha, na tangu vijana waanze kuusonga mwamba ule alikuwa hajapata wimbi la peke yake kwa miaka. Alikuwepo nguzo ilipopimwa. Alijua mbili ni mbili. Bandani aliwasikia watu wakizidisha, akaendelea kufunga mlango wa banda. Baadaye aliapa kwamba ilimpitikia tu kichwani.

Mkunga alikuwa amekaa ufuoni na mguu wake umenyooshwa, akimhesabia. Anasema Shemeji aliteleza mawimbi kumi na tisa, na la kumi na tatu alilipanda akiwa amekunja mikono kifuani kama bwana harusi. Ilipofika saa tatu na nusu mtu mmoja aliyekuwa dirishani kwake alimwona, akapiga kelele, na watu wakashuka wakikimbia na mbao vichwani. Waliingia majini karibu na saa nne. Saa nne na nusu upepo uligeuka, kama ujumbe ulivyosema, na mawimbi yakavunjika hovyo. Wakatoka wamenuna, na Shemeji amekaa mlangoni pa banda anakula chungwa.

Jioni kukawa na kikao. Karibu wote walitaka mita za zamani zirudi. Mwalimu mmoja alisema kwa uchungu kwamba watu wameshazoea, wamefundisha wanafunzi hivyo, na kwamba hakuna aliyemwomba mzee ajirekebishe. Sentimita alisimama na kusema kwa sauti ndogo kwamba yuko tayari kuacha kazi, lakini namba ya uongo kwa kujua hawezi kuitoa. Mwingine akapendekeza ziandikwe zote mbili. Ikaanza zogo juu ya ipi iandikwe kwanza.

Mkunga akaomba kusema. Alisema kazini kwake mtoto wa kilo tatu ni kilo tatu, na mzee ana haki. Lakini mama aliye kitandani hamuulizi kilo, anamuuliza huyu mtoto atapitaje.

"Mimi nikiwa kule mwambani sina rula, baba," alisema. "Niambie wimbi litanifika wapi. Gotini, kiunoni, begani au juu ya kichwa. Hapo nitajua niende au nibaki na chai yangu."

Sentimita alifikiri. Nilimwona anavyofikiri, shingo imeinama, midomo inatembea. Kisha akauliza swali ambalo ni yeye tu angeliuliza: goti la nani? Maana goti la mkunga na goti la yule mwalimu mrefu si goti moja, na kipimo lazima kiwe kimoja kwa wote.

Banda zima likageuka kumtazama Shemeji, ambaye bado alikuwa ananukia chungwa.

Alikataa, akakataa tena, lakini hakuna aliyemhurumia siku ile. Dada yake aliitwa, akaja na utepe mpya aliokuwa ameununua kimyakimya wiki ileile. Shemeji akavuliwa viatu na kusimamishwa kwenye nguzo ya banda mbele ya umati, na dada akampima kama anayempimia suti, huku Sentimita akiandika. Goti, sentimita arobaini na tisa. Kiuno, mita moja na sentimita mbili. Bega, mita moja na arobaini na moja. Kichwa, mita moja na sabini. Shemeji akadai kitambulisho chake kinasema sabini na nne. Dada akamwambia kitambulisho kilivaa viatu.

Tangu siku hiyo ndivyo tunavyotangaziwa. "Wimbi, bega la Shemeji, mara chache kichwa." Wageni wanaofika leo wanafikiri Shemeji ni mtu wa kale aliyeufungua mji, na mmoja alimwomba apige naye picha akiwa ameinua goti. Sokoni wanamuuliza kiuno kimeamkaje. Analalamika kila siku, lakini nimeona amelipaka rangi upya banda lake na kuliandika Kwa Shemeji kwa herufi kubwa zaidi kuliko zamani.

Likizo ya mkunga ilibakiza siku mbili na kidonda cha goti lake kikawa kimekauka. Asubuhi hiyo nilikuwa juu ya paa naanika, na Sentimita alikuwa pale na darubini. Ujumbe wake ulikuwa umesema kiuno cha Shemeji, kasoro kidogo, upepo wa bara mpaka saa nne, na mwisho akaongeza kitu ambacho si kawaida yake, kwamba mwenye likizo inayokwisha aende leo.

Kwa macho matupu niliona nukta tu mwambani. Yeye alikuwa ananisimulia bila kujua ananisimulia. Ameanguka. Amepanda tena. Ameanguka. Linakuja jingine, zuri, aliache hilo, amelichukua. Kisha akaanza kulipiga tangi la maji kwa kiganja, pu, pu, pu.

Mke wake alipanda ngazi mbio na pini mdomoni, akidhani mume ameanguka. Sentimita alimwambia hapana, ni yule mkunga.

"Kafanyaje?"

"Amesimama. Bado amesimama."

Mke akaiomba darubini. Akaambiwa asubiri kidogo. Hakusubiri, aliivuta mkononi mwake, akatoa pini mdomoni, akatazama. Wimbi lilimleta mkunga mpaka ndani kabisa, kwenye mapovu alikojifunzia. Mzee, aliyebaki bila kifaa, alikinga jua kwa mkono na kuuliza anafanya nini sasa.

"Anapunga mkono," mke alisema.

Alimuuliza anampungia nani. Mke alikuwa ameshaanza kupunga.